KOTI JEUPE NI AMANA YA WANANCHI

Kila mwaka msimu wa mahafali unapowadia, habari za vyuo vya udaktari hutufikia kwa wingi. Tunaletewa idadi ya wahitimu na majina ya waliopata tuzo. Tunaletewa picha za vijana waliovaa majoho, na kando yao wazazi waliovaa khanga mpya na kanzu zilizopigwa pasi. Aidha, hutufikia habari ndogo ndogo za jumuiya ya chuo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamepokewa, wenzao wameanza kuingia wodini, chama cha wanafunzi kimechangia damu, mwalimu mkongwe amestaafu, mtumishi wa siku nyingi ameaga dunia. Hizo ni habari njema, na wenye habari wanastahili kuzitangaza. Chanda chema huvikwa pete, na kijana aliyekesha miaka mitano juu ya vitabu anastahili pete yake.

Sisi tunaungana na wazazi wote kuwapongeza wahitimu wa Muhimbili, wa Bugando, wa Moshi, wa Dodoma, wa Mbeya, wa Zanzibar na wa vyuo vingine vyote nchini. Hata hivyo tunayo hoja moja ambayo tunaona si vema kuinyamazia. Habari hizo huandikwa kana kwamba ni mali ya mwanafunzi, ya familia yake na ya chuo chake peke yao. Mtu mmoja huachwa nje ya picha, naye ndiye aliyemwezesha mwanafunzi kupanda kila daraja. Mtu huyo ni mwananchi mgonjwa.

Wale waliolelewa katika miji ya pwani wanafahamu vema maana ya kuhitimu. Neno lenyewe wengi wetu tulilijua chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla hatujalisikia katika shule ya Serikali. Mtoto aliyekhitimu msahafu alifanyiwa sherehe, akavishwa nguo mpya, majirani wakaalikwa wakala wakamwombea dua. Lakini furaha ile ilikuwa na upande wake wa pili. Tangu siku ile, jirani akifiwa, mtoto yule aliitwa akae na wakubwa katika kusoma hitima. Hakuna aliyemwuliza kama ana nafasi. Mtaa uliokula naye siku ya furaha ulikuwa na haki ya kumwita siku ya msiba. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tungali wadogo kwamba kuhitimu ni kufunga mlango mmoja na kukabidhiwa ufunguo wa mlango mwingine, na ufunguo huo si wako peke yako.

Tukiitazama historia ya elimu ya udaktari nchini mwetu, tutaona kwamba nayo imejengwa juu ya msingi huo huo. Zama za mkoloni kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924 katika hospitali ya Mulago. Waliofanikiwa kufika huko walikuwa wachache mno. Nyumbani waliobaki walikuwa madresa na wasaidizi wa tiba, watu waliofanya kazi kubwa kwa malipo madogo. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba tulipata uhuru mwaka 1961 tukiwa na madaktari 12 tu. Nchi yenye ukubwa kama wetu, yenye mbung'o, malaria, kichocho na surua, iliachiwa madaktari ambao wangeweza kuketi wote katika chumba kimoja.

Ndipo mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Udaktari cha Dar es Salaam, katika hospitali ambayo mkoloni aliiita kwa jina la Princess Margaret nasi tukaiita Muhimbili. Mwaka 1968 chuo hicho kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa kuwa kituo kimoja cha tiba. Mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikasimama kwa miguu yake kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kati ya hapo vyuo vingine vikazaliwa: mwaka 1997 vilianza Moshi na kile alichokiasisi hayati Dakta Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam, na mwaka 2003 kikafuata cha Bugando, Mwanza. Taifa lililoanza na madaktari 12 leo linafundisha mamia kwa mamia kila mwaka. Hilo si jambo dogo, na anayelibeza hajui tulikotoka.

Sasa tujiulize: ni nani aliyelipa? Alilipa mkulima wa pamba, wa kahawa, wa korosho na wa mkonge. Alilipa kwa kodi, na alilipa kwa kuvumilia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi iliamua kwamba huduma za afya zielekezwe vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika makundi ya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuchemsha maji. Wananchi wale hawakusubiri daktari awafanyie kila kitu. Walitimiza wajibu wao kwa jembe na sepetu, wakiamini kwamba watoto waliopelekwa chuoni kwa jasho lao watarudi.

Zipo sauti siku hizi zinazosema kwamba hesabu imekwisha badilika. Husemwa kwamba tangu ilipotungwa sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004 mwanafunzi hukopeshwa, na anayelipa mkopo wake hadaiwi tena. Wapo pia wanaosomeshwa na wazazi wao kwa taabu kubwa, wazazi wanaouza ng'ombe na viwanja. Hoja hiyo tunaielewa, wala hatuipuuzi. Lakini ina kasoro moja. Mkopo hulipa ada, chakula na malazi. Hakuna bodi inayoweza kumkopesha mwanafunzi mgonjwa wa kujifunzia. Deni hilo halimo katika karatasi yoyote, na ndilo kubwa kuliko yote.

Tuzichukue hatua za mwanafunzi moja baada ya moja, msomaji ajionee mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni siku anapoingia katika chumba cha kujifunzia maumbile ya mwili. Kijana wa miaka 19 au 20 anasimama mbele ya maiti ya binadamu. Aghalabu maiti hiyo ni ya mtu ambaye hakutokea ndugu wa kumchukua: pengine mchukuzi wa sokoni, pengine msafiri aliyefia mbali na kwao. Mtu ambaye alipokuwa hai hakupata hata kiti cha kukalia katika ofisi za wakubwa, amekuwa mwalimu wa kwanza wa daktari. Dini zetu zote zimetufundisha kwamba heshima ya binadamu haikomi roho inapotoka. Hivyo tunauliza: katika habari zote zinazotolewa kuhusu mwaka wa kwanza, ni wapi panapotajwa shukrani kwa mtu yule? Katika nchi kadhaa duniani wanafunzi hufanya ibada au kisomo cha kumbukumbu kwa ajili ya waliowafundisha wakiwa maiti. Sisi tulio na desturi ya hitima, ya arobaini na ya matanga, haitupasi kufundishwa jambo hilo na watu wengine.

Hatua ya pili ni kuingia wodini. Hapa tutasimulia tuliyoyaona kwa macho yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimwuguza mama yetu mkubwa katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Asubuhi moja kundi la wanafunzi lilizunguka kitanda chake pamoja na mwalimu wao. Walimfunua, wakamgusa tumbo mmoja baada ya mwingine, wakazungumza kwa Kiingereza, wakaandika, wakaondoka. Hakuna aliyemjulisha ni nini kimesemwa. Mama yule, aliyezaa watoto 8 na kuwazika 2, alijifunika khanga yake hadi kidevuni akageukia ukutani. Baadaye alituuliza kwa sauti ndogo, "Wamesema nitakufa?" Kumbe walikuwa wakijadili nyongo yenye mawe, ugonjwa ambao hutibika.

Jioni ile ile mwanafunzi mmoja wa kike alirudi peke yake. Alisimama mbali kidogo na kitanda akasema, "Shikamoo bibi." Akaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu." Akavuta kiti, akaomba radhi kwa ya asubuhi, akaeleza kwa Kiswahili maradhi ni yapi na yatatibiwa vipi, kisha akauliza kama anaruhusiwa kumpima tena. Bibi akajifunua mwenyewe. Akamwambia, "Jifunze mwanangu, nawe ukamtibu mwenzangu." Hatukupata kujua alama alizopata binti yule katika mitihani yake. Lakini kwa maoni yetu, daraja lile alilivuka jioni ile, mbele ya shahidi mmoja aliyelala kitandani, na hakuna gazeti lililoandika.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu walimu wa vyuo vya udaktari, ambao wengi wao wanabeba mizigo miwili, wa kufundisha na wa kutibu, kwa wakati mmoja. Wodi zimejaa na saa ni chache. Tunachosema ni kwamba mgonjwa anayekubali kujifunziwa anatoa sadaka. Anatoa siri ya mwili wake kwa watu asiowajua ili mtu mwingine, asiyemjua pia, apate kupona baadaye. Salamu, maelezo kwa lugha anayoifahamu na neno la ahsante haviongezi hata shilingi moja katika bajeti ya hospitali.

Hatua ya tatu ni koti jeupe na kiapo. Ile hafla ya kuwavisha wanafunzi koti jeupe mbele ya wazazi, ambayo baadhi ya vyuo vimeipokea, ilipata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1993. Makusudio yake yalikuwa mema: kumkumbusha mwanafunzi utu kabla hajaanza kushika wagonjwa. Kisha siku ya kuhitimu huja kiapo, ambacho sehemu nyingi duniani hufuata maneno ya Azimio la Geneva lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948. Sisi hatuna ugomvi na jambo jema kwa sababu tu limetoka ng'ambo. Lakini kiapo ni ahadi, na ahadi huwa nzito pale anayeahidiwa anapoisikia na kuielewa. Pale ambapo kiapo bado husomwa kwa Kiingereza peke yake, kisomwe kwa Kiswahili pia. Mzee aliyetoka Newala au Kibondo kuja kushuhudia mwanawe akiapa ana haki ya kujua mwanawe ameapa nini.

Azimio hilo la Geneva liliporekebishwa mwaka 2017 liliongezwa jambo ambalo wahenga wetu walikwisha lisema kwa maneno mawili: mganga hajigangi. Liliongezwa kwamba daktari naye aitunze afya yake ili aweze kuwatunza wengine. Hapa tunawageukia wakuu wa vyuo. Habari zenu hutupatia majina ya waliofaulu. Ni nadra sana kutuambia habari ya aliyerudia mwaka kwa sababu alikuwa akiuguza mzazi, au ya aliyezidiwa na usingizi na huzuni, au ya aliyeacha masomo kwa kukosa ada katika mwaka wa nne. Hatusemi aibu ya mtu ianikwe hadharani. Tunasema jumuiya inayojua kushangilia ijue pia kuulizana hali. Mwanafunzi aliyeanguka akainuka na kuendelea amevuka daraja ambalo aliyefaulu kwa wepesi hakulijua. Naye atamfahamu mgonjwa aliyekata tamaa kuliko wengi wa wenzake.

Sasa tuifikie hatua ya mwisho, ambayo ndiyo chungu zaidi. Baada ya miaka mitano ya masomo, kijana hutumikia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali, akikesha zamu za usiku. Mgogoro wa mwaka 2012 uliozikumba hospitali zetu ulianza na madai ya posho ya vijana hao, na somo lake halifai kusahauliwa: anayebeba wodi usiku kucha asicheleweshewe haki yake, na mgonjwa asifanywe ngao ya ugomvi asiouanzisha. Mwaka huo ukiisha, kijana hukabidhiwa leseni. Halafu? Zamani mhitimu alipangiwa kituo na Serikali mara moja. Siku hizi wapo wanaokaa nyumbani na vyeti vyao, huku zahanati na vituo vya afya vikililia watumishi.

Ushahidi tuliupata sote mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka ule Serikali yetu ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa huko. Vijana wetu wakajitokeza kuomba nafasi hizo. Shauri lilipofunguliwa mahakamani nchini Kenya na mpango ukasimama, Serikali ya Tanzania iliamua mwezi Aprili kuwaajiri hapa nyumbani 258 waliokuwa wameomba na kutimiza masharti. Uamuzi ule ulikuwa wa busara na tuliupokea kwa furaha. Lakini ulituachia swali la kutafakari. Madaktari wale 258 walikuwa wamekaa wapi kabla ya hapo? Na wanakijiji waliokuwa wakitembea kilomita nyingi kumtafuta daktari walikuwa wakiwatafuta akina nani, kama si hao hao?

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kufungua vyuo ni kuzaa. Kumpa mhitimu kituo, nyumba ya kuishi, dawa za kutibia na mshahara unaofika kwa wakati, huko ndiko kulea. Daktari asiye na dawa wala maabara ni sawa na mvuvi aliyepewa ngalawa isiyo na tanga.

Katika jambo hili sisi makada na viongozi hatuna budi kujisahihisha. Tunapenda mno kuwa wageni rasmi. Tunaketi viti vya mbele, tunahutubia, tunapigwa picha na wahitimu, tunaondoka kabla ya chakula kwisha. Ni wangapi kati yetu waliorudi mwaka mmoja baadaye kuuliza wale tuliopiga nao picha wako wapi? Ni wangapi wanaojua kwa hakika kama zahanati ya kata yao ina mganga? Kiongozi anayehesabu wahitimu bila kuhesabu vituo visivyo na watumishi amehesabu nusu ya mambo, na nusu hiyo ndiyo yenye makofi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, vyuo vya udaktari viwe na siku moja kila mwaka ya kuwakumbuka wale ambao miili yao ilitumika kufundishia, kwa kisomo na ibada za dini zote, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wawe ndio wenyeji wa shughuli hiyo.

Pili, katika kila mahafali watengwe wageni wachache kutoka miongoni mwa wagonjwa, wauguzi, wakunga na wafagizi wa wodi, wakae karibu na walimu. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyemwonyesha daktari kijana namna ya kuupata mshipa wa mtoto anayelia. Naye ni mwalimu.

Tatu, mhitimu anaporudi kijijini au mtaani kwao kusherehekea, asirudi na picha peke yake. Akutane na wananchi shuleni au zahanatini, awaeleze alichojifunza kuhusu shinikizo la damu, kisukari, au uzazi salama, na awasikilize. Hiyo ndiyo hitima yake ya kwanza.

Nne, Serikali itangaze nafasi zilizo wazi katika vituo vya afya msimu ule ule wa mahafali, ili taifa liweze kusoma hesabu zote mbili kwa siku moja: waliomaliza, na wanakosubiriwa. Hesabu mbili zikikaa pamoja haitakuwa rahisi kwa yeyote kuisahau moja.

Kwenu ninyi wahitimu, tunasema hongereni sana. Hatuwatakii umaskini, wala hatuwaombi muwe malaika. Mna haki ya mishahara mizuri, ya kuoa na kuolewa, ya kujiendeleza hadi muwe mabingwa. Mtakapopangwa wilaya msiyoijua, wenyeji watawapokea kwa msemo wa kale: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wengine msemo huo ni adabu tu ya kupokea wageni. Kwenu ninyi ni kazi mliyoajiriwa kuifanya, neno kwa neno.

Na mkiwa huko, usiku mmoja mwaka ujao au mwaka wa kesho kutwa, atapigwa hodi mtu mlangoni akiwa amembeba mtoto mgongoni. Hatajua mlipata daraja gani wala nani alikuwa mgeni rasmi siku ya mahafali yenu. Atataka kujua jambo moja tu: kama mpo.